Tulipoendelea Kumwita

Mchezo wa kwanza baada ya kumzika ulichezwa Jumamosi yenye manyunyu. Kipindi cha pili kilipoanza, na timu yetu ikawa inashambulia upande wa ziwa, jukwaa letu likamwita kama tulivyomwita miaka yote. Kwanza jina lake la uwanjani, mara mbili, ngoma ikifuata. Kisha wote pamoja: "Uko wapi?"

Halafu tukanyamaza, maana ndivyo ilivyokuwa desturi yetu. Unaita, unanyamaza, unangoja mkono.

Nimekaa jukwaa lile tangu tuliporudi nchini kutoka Tanzania, na kimya kile nakijua. Zamani kilikuwa kifupi, kimejaa vicheko. Siku ile kilirefuka. Wachezaji wetu wawili vijana, ambao hawakuwahi kucheza naye, waligeuka wakaangalia kona ya kushoto. Golikipa wa wageni naye akageuka. Hapakuwa na kitu pale ila kibendera na manyunyu. Safu ya chini yangu walikaa wavuvi, mashabiki wa siku zote, na wao hawakuita. Walitazama miguu yao, na wengine wakaondoka kabla mpira haujaisha. Nilifikiri uchungu umewazidi. Nikamshukuru Mungu kwamba kijana wetu amependwa kiasi hicho.

Namwita kijana ingawa alikufa akiwa na mvi za kwanza kidevuni. Alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyesahau kitu nyumbani. Baba yake alikuwa mpiga kasia, na yeye alikulia ufukweni. Mitumbwi ya kuvulia sambaza, dagaa wa ziwa letu, hutembea mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na ukungu ukishuka alfajiri kundi moja huliita jingine: uko wapi? Jingine hujibu kwa mluzi. Wavuvi ndio waliouleta mwito huo uwanjani, kwa utani, kwa sababu mtoto wao alikuwa na tabia ya kupotea. Beki wa wageni anamtafuta mbele, anamtafuta pembeni, hamwoni. Basi jukwaa linauliza kwa niaba ya beki, na yeye anainua mkono wa kushoto, yuko nyuma kabisa ya mgongo wa mtu anayemtafuta, na pasi inamfikia. Tulicheka mpaka machozi. Sisi wengine, tuliorudi kutoka Tanzania na Uganda, na askari, na wenye maduka, tuliuchukua mwito ule tukaufanya wetu. Hatukuuliza zaidi ya hapo.

Goti lilipomkatalia, alirudi ufukweni kushona nyavu. Alikaa juu ya kigoda, mguu mmoja umenyooka kama gogo. Ukipita barabara ya ziwani unamwita tu kutoka mbali, na mkono unainuka, sindano ya nyavu ikiwa katikati ya vidole. Hakuwahi kuchoka kuinua mkono ule, na nadhani tulimwita mara nyingi kuliko tulivyomtembelea. Figo zilipomwangusha, alihamia kwa mama yake mlimani, njia ya kwenda Rugerero, na huko ndiko alikofia, mchana, mama akimshika kichwa.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilisomea Neno nikiwa kijana huko ukimbizini, na katika kundi la mashabiki nimepewa kazi ya kuomba kabla ya mchezo na wakati wa msiba. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeomba kaburini. Walimzika na jezi yake. Tulishuka, tukanawa mikono kama ilivyo ada, tukanywa soda na bia ya mtama, watu wakasimulia mabao yake, na nikarudi nyumbani nikiamini kwamba sehemu yetu tumeimaliza vizuri.

Siku chache baada ya mchezo ule wa manyunyu, dada yake mkubwa alinikuta nikitoka kwenye ibada ya asubuhi. Ameolewa Kanama, ni mkulima, na alikuwa bado amevaa kitenge cha msiba. Alinisalimu kwa heshima, akasema mama anakataa kuondoa matanga.

Kwetu, matanga yasipoondolewa, nyumba imesimama. Turubai limebaki uani, viti vya kuazima havirudi kwa wenyewe, wa mbali hawaondoki, na mfiwa harudi kwenye biashara yake. Siku ya kuyaondoa ilikuwa imekwisha pita. Ukoo ulikusanyika, bia ikaletwa, mama akawaambia wainywe wakipenda lakini yeye bado.

"Muzee, mvua ya kupanda ilianza," dada akasema. "Mbegu yangu ya maharagwe inaotea mu gunia. Na siwezi muacha mama hivi. Halali. Siku ya mupira ndio mubaya kabisa."

Nilipanda naye mlimani. Nilimkuta mkecuru, ndivyo tunavyowaita hapa mama wazee kwa heshima, amekaa kwenye mkeka chini ya turubai, ameuelekeza mgongo upande wa mji. Maisha yake yote ameuza sambaza. Mikono yake imebaki na rangi ya fedha kwenye mikunjo. Hakuniacha nifungue maombi.

"Muzee, we uko mutu ya Mungu," akasema. "Niambie. Mutoto yangu alipotea?"

Nikamjibu kwamba hakupotea. Tulimzika pamoja, na mimi mwenyewe nilikuwepo.

"Sasa juu ya nini munamutafuta?"

Sikuelewa swali. Ndipo aliponieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Kwa watu wa ziwani, mwito ule una kazi mbili. Ya kwanza ni ya ukungu, na hiyo tuliijua. Ya pili ni ya mtu ambaye ziwa limemchukua na halijamrudisha. Watu wa mitumbwi husimama ufukweni wakimwita jina lake na kumwuliza aliko, kila jioni, mpaka mwili uonekane. Ukishaonekana, mtu wa nyumba yake huenda pale pale walipo wanaoita na kuwaambia kwamba amefika. Tangu hapo mwito huo haurudiwi kwa jina lile. Mtu aliyezikwa ukimwita hivyo unamtoa mahali alipofika. Anakuwa mtu wa njiani.

Mume wake alichukuliwa na ziwa. Walimwita jioni nyingi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshuka ufukweni kuwajibu, mimba ya mtoto huyu ikiwa tumboni.

Nikawakumbuka wale wavuvi wakitazama miguu yao. Nikauliza kwa nini hawakutuambia. Akasema si kazi yao kuzuia mwito. Asiye wa nyumba ile akiuzuia, anakuwa amedai kwamba anajua mtu yuko wapi.

Nikamwomba basi aje uwanjani atuambie yeye. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Kule nilipeleka mutoto na magoti mbili," akasema. "Bakanirudishia moja. Sitatia muguu."

Na kweli hakuwahi kutia. Miaka yote ile mwanawe akichezea timu, siku ya mchezo yeye aliuza samaki mbali na uwanja, na kelele zikipanda aligeuka upande mwingine. Hakumwona akicheza hata dakika moja. Aliniambia jambo moja tu kabla sijaondoka, na nililibeba kama mzigo wa kuni: "Mi siwezi kuondoa matanga ya mutu mwenye bangali banamutafuta." Yaani mtu ambaye watu bado wanamtafuta.

Mashabiki wetu hukutana kwenye duka la maziwa karibu na soko, kwa sababu hapo wanaokunywa na wasiokunywa wanaweza kukaa meza moja. Niliwakuta na vikombe vya maziwa ya mgando mbele yao. Mpiga ngoma wetu ni motari, yaani anabeba abiria kwa pikipiki, mtu wa Goma upande wa mama, mwenye sauti inayosikika bila ngoma. Yeye ndiye huanzisha mwito. Nikawaeleza yote niliyoyasikia mlimani. Nikawaomba tuache.

"Muzee, na heshima yote," motari akasema. "Maombi yako miaka yote hii haijatuletea hata kikombe kimoja. Sasa unataka kutuondolea na mwito?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa ni kweli. Mmoja akasema labda tumwombee golikipa wa wageni apofuke, wa kwetu tayari ameshapofuka. Lakini motari hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe mezani.

"Tukinyamaza kutabaki nini ya ule mutu?" akasema. "Jezi? Jezi yenyewe iko naye mu udongo."

Nikamwambia atabaki kwa Mungu. Akasema anajua, lakini yeye anauliza kwa upande wetu. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Hata yeye akiacha ngoma, jukwaa la ng'ambo litaanzisha. Watu wameuzoea mwito ule kama kusimama kanisani. Mdomo unafunguka wenyewe. Nani ataenda kumwambia kila mtu, mmoja mmoja, getini? Tukaachana bila kupatana. Nilimsikia mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akisema kwa sauti ya chini kwa Kinyarwanda kwamba watu hawa hawatanyamaza mpaka wajibiwe.

Mchezo uliofuata sikwenda uwanjani. Nilipanda kwa mkecuru, nikakaa naye chini ya turubai. Sikwenda kumshawishi. Nilitaka tu asiwe na binti yake peke yake saa ile. Dada alikuwa anachambua maharagwe yaliyoota, anatupa kando yale yaliyoharibika. Jua lilikuwa kali na ziwa jeupe. Tulizungumza habari za bei ya sambaza.

Kisha mwito ukapanda.

Nimeupiga mwito ule mwenyewe kwa miaka, lakini sikuwahi kuusikia kutoka nje. Ukiwa jukwaani unasikia majirani zako: huyu amekosea, yule anacheka. Kutoka mlimani husikii watu. Ni sauti moja, haina kinywa, inatoka chini kama moshi. Jina lilikuwa limeliwa na upepo njiani, ila swali lilifika zima. Uko wapi. Na kile kimya kilichofuata kilifika pia. Kilipanda mlimani, kikaingia uani, kikakaa nasi. Mbwa wa jirani akasimama. Dada aliacha mkono wake ndani ya maharagwe.

Mkecuru alikuwa amefungua kinywa. Nilimwona anaanza kujibu, kifua kikijaa, kama mama yeyote anayesikia mtu anauliza habari za mwanawe mlangoni. Halafu akaufunika mdomo kwa kiganja, akaushikilia hivyo mpaka kelele za kawaida za mpira ziliporudi.

Mimi nimefundishwa kuwa na tahadhari na mambo ya wafu, na sikuwa na hakika mpaka saa ile kama nilipaswa kuyasikiliza haya au kuyakemea. Lakini swali lile ndilo Mungu mwenyewe alilomwuliza mtu wa kwanza bustanini, naye alijua mtu yuko wapi. Aliuliza ili ajibiwe. Sikuyakemea.

"Nikijibia huku," mkecuru akasema alipoushusha mkono, "habanisikii."

"Hawakusikii," nikasema.

Alitazama maharagwe ya binti yake. Akauliza mchezo mwingine wa nyumbani ni lini.

Motari alikuja kumchukua mwenyewe. Alikataa kuchukua nauli na alikataa pia kuniangalia usoni. Mkecuru hakuwahi kupanda pikipiki. Alikaa kwa upande, kofia ngumu juu ya kitambaa chake cha kichwa, dada na mimi tukifuata kwa pikipiki nyingine, na pale kwenye mteremko nilimsikia akimwambia motari kwamba kama anataka kumwua afanye haraka, asimzungushe. Motari akaendesha kama amebeba mayai.

Tuliingia kipindi cha kwanza kikiwa kimekwisha. Habari zilikuwa zimetutangulia. Watu wa safu zetu walisimama wakampa njia, na wavuvi wakamtandikia koti. Alikaa, kofia ngumu bado kichwani, hakuna aliyethubutu kumwambia aivue. Aliutazama uwanja kama mtu anavyotazama nyumba ya watu waliomkosea. Akaniuliza mtoto alisimama wapi. Nikamwonyesha kona ya kushoto. Akaniuliza alikuwa anafanya nini wakimwita. Nikainua mkono wangu wa kushoto, usio juu sana, kiwiko kimekunjwa kidogo, kama alivyouinua yeye. Aliuangalia mkono huo. Akaushusha kwa mkono wake mwenyewe, akaukalisha gotini kwangu, akaupigapiga mara moja.

"Inatosha," akasema.

Kipindi cha pili kikaanza. Motari alikuwa na fimbo za ngoma mikononi lakini hakupiga. Nilidhani labda hakutakuwa na mwito siku ile. Kisha jukwaa la ng'ambo likaanza, kama alivyosema, na safu za juu yetu zikaitikia, na motari naye, machozi yakimtoka, akafungua kinywa. Jina mara mbili. Uko wapi.

Kikaja kimya.

Mkecuru akasimama. Hakunyoosha sauti kama mtu wa uwanjani. Alisema kwa sauti ya mtu anayejibu kutoka jikoni: "Alisha kufika."

Wavuvi wote wakavua kofia. Lakini sisi tulio karibu tu ndio tuliosikia. Upande wa ng'ambo hawakusikia kitu. Wao walikuwa wamengoja, hawakupata, na kwa sababu siku hiyo kimya kilikatika vibaya, wakafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika: wakaita tena. Nilimwona mama yule akipigwa na mwito ule usoni. Aliyumba. Dada akamshika kiuno. Akajibu tena, kwa nguvu zaidi, na sauti yake ikapasuka katikati ya neno.

Motari akaitupa ngoma chini. Akageukia safu za juu akasema, "Alisha kufika. Mama yake anasema alisha kufika. Mupitishe." Na wale wakageuka wakawaambia wa pembeni, na wa pembeni wakawaambia wa karibu na geti. Nililiona neno likitembea. Huwezi kuliona neno, najua, lakini niliona vichwa vikigeuka kimoja baada ya kingine, kuzunguka nyuma ya lango, kupita kwa waokota mipira, mpaka jukwaa la ng'ambo. Mpira uliendelea chini yetu na hakuna aliyeutazama. Lilipofika mwisho wa ng'ambo, watu wa kule walisimama. Hawakupiga makofi. Walisimama tu, kisha wakakaa.

Nilingoja faraja ije. Nilikuwa tayari kushukuru. Badala yake nilihisi mlango umefungwa, na kwamba kwa muda wote ule tulikuwa tumeushika wazi kwa mikono yetu, na baridi yake bado iko vidoleni.

Mkecuru alisema anataka kwenda nyumbani. Hakungoja matokeo.

Matanga yaliondolewa siku ya pili yake, Jumapili mchana baada ya ibada. Turubai likakunjwa, viti vikarudishwa, bia ikanywewa kwa haki. Mkecuru alilala kabla wageni hawajaisha, palepale kwenye mkeka, na watu wakazungumza kwa sauti ndogo kumzunguka. Jumatatu dada alipanda basi dogo la Kanama na mbegu alizonunua upya. Baadaye kidogo niliona karai la sambaza la mama mahali pake pa kawaida, na yeye nyuma yake, anagombana na mteja.

Aliniambia siku hizi siku za mpira anasikia kelele tu. Nikamwambia Mungu ni mwema. Hakuniuliza habari zetu, na sikumwambia.

Maana jina lile halitajwi tena uwanjani, na ndiyo sababu hata hapa sijaliandika. Lakini saa yake inakuja vilevile kila mchezo wa nyumbani. Timu zinabadilishana upande, refa anapuliza, na jukwaa zima linapungua sauti bila mtu kuagiza. Wengine huinuka kwenda kununua karanga ili wasiwe wamekaa. Golikipa wetu, ambaye sasa yuko upande wa pili kabisa, hutazama nyavu zake. Hakuna anayeangalia kona ya kushoto, na ukitazama nyuso za watu utajua ni kazi kutoiangalia.

Motari ameanza kupiga ngoma saa hiyo. Haina mdundo wa wimbo wowote. Anapiga bila kupumzika, mpaka pasi kadhaa zipite na watu waanze tena kutukana mabeki. Wageni hudhani ni shangwe. Nilimwuliza mara moja kwa nini hapigi wimbo. Akasema wimbo una mahali pa kunyamaza.

Basi mimi hukaa karibu naye, na chini ya kelele ile hufanya kazi yangu. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtu yule, kwa miaka aliyotupa, kwa mama yake anayelala. Simtaji jina. Nasema tu, yule. Ngoma inafunika midomo yangu, na mimi humwomba motari, kwa macho, aendelee kidogo.